Moto Umefika

Nilikuwa nimeahidi kufika kwao Jumapili saa nane mchana nikiwa na leseni mfukoni. Nilifika saa nane kasorobo, na mfukoni sikuwa na kitu ila kitambaa cha jasho na karatasi iliyokunjwa mara nne, inayoonyesha nilivyoanguka mtihani. Kwa mara ya pili.

Mlango alinifungulia Karani mwenyewe. Alivaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona, na nywele alikuwa amezisuka upya. Aliniangalia usoni, akashusha macho mpaka mfukoni kwangu, akayarudisha usoni.

"Fundi," alisema polepole.

"Karani."

Ndivyo tulivyoitana tangu siku ya kwanza. Ana duka dogo la kuchapa barua na kujaza fomu, kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala, na mtaa mzima unamwita Karani. Mimi wananiita Testa, kwa sababu ile bisibisi ya kupimia umeme haibanduki nyuma ya sikio langu. Yeye peke yake ndiye anayeniita Fundi, na jinsi anavyolitamka, mgeni angedhani ni cheo cha mtu mkubwa.

"Umeanguka," alisema.

"Nimeanguka."

"Kwa maswali mangapi?"

"Matatu. Sehemu ya usalama. Na ile ukikosa..."

"Najua. Ukiikosa hiyo, mengine yote uliyopata ni bure." Aliegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, akafumba macho kidogo. "Kaka yuko ndani. Mama yuko ndani. Wameshakaa."

"Niondoke? Useme nimeugua?"

"Ukiondoka sasa hivi, usirudi tena."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mgonjwa anayeomba maji. Nikavua viatu, nikaingia.

Niseme kwanza habari ya hiyo leseni. Mimi natandika nyaya kwenye majengo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Zahanati, maduka ya barabara ya soko, nyumba zote za kupanga nyuma ya kiwanda, ni mkono wangu huo. Lakini hakuna hata moja yenye sahihi yangu. Jengo likikamilika, lazima fundi mwenye leseni atie sahihi cheti cha ukaguzi. Basi anakuja mtu mwenye viatu safi, anazunguka vyumba kwa dakika kumi, anauliza, "Nitie wapi?" Anatia. Jina lake linabandikwa ndani ya boksi la swichi kubwa, kwenye ukuta niliouchimba mimi mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Shule niliacha darasa la sita, baba alipolala kitandani akawa haamki tena. Hilo sikulilia sana, tulikuwa wengi. Lakini jina la mtu mwingine ndani ya boksi langu, hilo lilinitafuna. Nikajiambia, kabla sijafika miaka arobaini na tano nitatia sahihi yangu mwenyewe. Sasa nina arobaini na nne.

Nia hiyo ndiyo iliyonipeleka dukani kwa Karani mara ya kwanza, nikachapiwe barua ya kuomba mtihani. Mimi nasema, yeye anachapa. Barua ikawa barua mbili, mbili zikawa mazoezi. Mwaka mzima nilikuwa nafika saa kumi na mbili asubuhi kabla hajafungua kwa wateja, tunakaa kwenye benchi moja na kitabu kimoja. Nilikuwa nasoma kwa kufuata mstari na kidole. Siku moja aliniambia, "Toa kidole."

"Nikitoa napotea."

"Potea," alisema, bila hata kuinua macho kwenye kitabu. "Nitakutafuta."

Nadhani mimi niliishia hapo hapo kwenye lile benchi. Mengine yote yaliyofuata ni nyongeza.

Sebuleni, mama yake alikuwa amekaa kwenye kochi dogo karibu na dirisha, mwanamke mwembamba, mikono imetulia mapajani. Kaka yake alikuwa kwenye meza, amekaa wima kama yuko kazini. Ni mwalimu mkuu. Ana tabia ya kuinua kidole kimoja anapoongea, na kukishusha pale tu sentensi inapokwisha, ili mtu asimkatishe.

"Karibu, Bwana Testa," alisema. "Au leo tukuite Bwana Leseni?"

"Niite Testa tu, shemeji."

"Ushemeji bado. Tuanze na leseni."

Njia nzima nilikuwa nimejifunza kusema kwamba majibu hayajatoka. Nilikuwa nimelipanga vizuri, mpaka na pa kukohoa. Mdomo ukanisaliti.

"Sikuipata. Nimeanguka."

Kidole kikashuka. Mama aliniangalia, akasema, "Pole, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Karani alileta chai, akaniwekea kikombe mbele yangu, akakaa upande wangu wa meza. Kaka yake aliona alipokaa.

"Mara ya pili," alisema.

"Ya pili."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

"Na dada yangu akaacha usingizi wake alfajiri mwaka mzima kukufundisha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa tatizo ni nini? Maswali magumu?"

"Hapana. Ni neno."

"Neno?"

"Neno moja tu."

Nilitoa ile karatasi. Ijumaa nilikuwa nimekwenda ofisi ya leseni kuomba kuonyeshwa nilipokosea. Mzee mmoja msahihishaji alinitolea karatasi yangu ya mtihani, akaniruhusu ninakili yale maswali matatu na majibu yangu. Yeye mwenyewe alivua miwani akafuta machozi, na hayakuwa ya huzuni. Kaka yake Karani akaikunjua, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma matangazo mbele ya wanafunzi.

"'Swali la kumi na nne. Moto unapotokea ndani ya nyumba unayoifanyia kazi, utachukua hatua gani ya kwanza?'" Akanyamaza, akasogeza karatasi karibu na macho. "'Jibu. Nitafurahi. Nitajaribu taa zote, halafu nitamwita mwenye nyumba aje aone.'"

Mama alisogea mbele kwenye kochi.

"Endelea," mama alisema.

"'Swali la kumi na tano. Utafanya nini moto huo ukienea vyumba vyote?'" Sauti ya Mwalimu ilikuwa imeanza kutetemeka. "'Jibu. Hapo kazi imekwisha vizuri. Nitafunga boksi na kuondoka.'"

"Mungu wangu," mama alisema.

"'Swali la kumi na sita. Taja kifaa kimoja cha kuzimia moto. Jibu...'" Hakuweza. Aliiweka karatasi mezani, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanaruka. Mtu huyu nilikuwa nimemjua mwaka mzima na sikujua kama ana meno.

"Swichi," nilimalizia mwenyewe. "Niliandika swichi."

Mama aligeukia upande wangu akiwa na wasiwasi wa kweli. "Mwanangu, nyumba ya mtu inaungua, wewe unafurahi?"

"Mama, sisi mafundi umeme ndio tunauita moto. Waya wenye umeme ni waya wa moto. Kazi ikiisha, mwenzako yuko kule kwenye swichi kubwa, anapiga kelele, 'Moto umefika?' Na wewe uko juu ya dari umelala kifudifudi, una vumbi mpaka kwenye nyusi, unamjibu, 'Umefika!' Hakuna neno tamu kama hilo kwenye kazi yetu. Miaka kumi na tisa, mama. Nilipoona wameandika 'moto unapotokea ndani ya nyumba', sikuona moshi. Niliona taa zinawaka."

Mama alilifikiria hilo kwa muda.

"Basi alijibu vizuri," alimwambia mwanawe.

"Mama!"

"Mimi nasema tu. Ningekuwa fundi ningeandika hivyo hivyo."

Mwalimu alifuta macho. Kicheko kilimwisha haraka kama kilivyokuja. Alikunja ile karatasi kwa mikunjo ileile, akanirudishia.

"Samahani. Sikucheka kwa ubaya," alisema. "Lakini sikiliza. Huyu dada yangu alikuwa na mume. Unajua?"

"Najua."

"Yule naye alikuwa mtu mzuri. Hakunywa, hakupiga. Kesho tu ndiyo ilikuwa shida yake. Kesho nafungua karakana. Kesho naanza chuo. Kesho nahamisha familia. Nyumba hii ililishwa kesho miaka saba, mpaka siku moja akaondoka kwenda kuitafuta hiyo kesho mahali pengine, hajarudi. Sasa wewe umekuja na leseni. Mara ya kwanza hukupata, tukanyamaza. Leo hukupata. Mimi niwe nahesabu mpaka lini?"

Lile swali lingekuwa ni kitu cha kupima kwa testa, ningekipima.

"Na kuna kitu kinanishangaza," aliendelea, na sasa kidole kikageuka kwa dada yake. "Mwaka mzima mnafanya mazoezi pamoja. Anasema majibu, wewe unachapa. Hukuona hata siku moja kwamba huyu anasema moto pale panapotakiwa umeme?"

Nilimgeukia Karani nikitabasamu, nikitegemea atamjibu kaka yake kwa lile jibu lake la haraka analowapa wateja wasumbufu. Alikuwa anaangalia kikombe chake.

"Karani?"

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na lile jalada la bluu la mazoezi yetu. Akaliweka mbele yangu.

"Soma," alisema.

Nikafungua. Majibu niliyoyasema kwa mdomo wangu, yeye akayachapa vizuri ili nirudie kuyasoma. "Kabla ya kugusa waya, fundi ahakikishe umeme umezimwa." Ukurasa wa pili, umeme. Wa tatu, wa kumi, umeme. Moto haukuwepo hata mahali pamoja. Na mimi nilikuwa nimeyasoma yale makaratasi mara mia. Macho yaliona umeme, kichwa kikasema moto, na wala sikuwahi kushtuka.

"Ulikuwa unabadilisha," nilisema.

"Ndiyo."

"Kila mara."

"Kila mara, Fundi."

Nikasimama. Niliona nikikaa pale nitasema jambo mbele ya mama wa watu. Nikapita jikoni, nikatoka ua wa nyuma, palipokuwa na kamba ya nguo na mashuka mawili yaliyokuwa yameanikwa. Nilisikia nyayo zake nyuma yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza bila kugeuka.

"Nilidhani ni kitu kidogo."

"Si kweli."

Alivuta pumzi. "Ile barua yako ya kwanza kabisa. Unakumbuka ulichoniambia nichape? Ulisema, 'Naomba leseni ya kuingiza moto kwenye nyumba za watu.' Umesimama pale kaunta, umenyooka, umevaa shati la kupiga pasi. Nikaangalia ile sentensi. Nikasema, huyu mtu akiipeleka hivi watamcheka mpaka mlangoni. Nikabadilisha. Halafu siku ya pili ningekuambiaje? Na ya tatu? Ikawa mazoea."

"Ulinionea haya."

"Sikukuonea haya. Niliona haya kwa ajili yako."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile!" Alishika shuka lililokuwa kati yetu, akalisogeza kwenye kamba ili anione uso. "Nilikuwa naogopa. Wateja wangapi nimewaambia 'hapa umekosea', wakachukua karatasi zao wakaenda duka lingine? Wewe nilitaka urudi. Nilitaka urudi kesho yake saa kumi na mbili. Ndilo kosa langu. Nilitaka urudi."

Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika. Ana macho ya namna hiyo, yanajaa yakakaa. Mimi moyo ulikuwa unakwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja unataka kumfuta yale macho kwa kidole gumba, upande mwingine unataka kupiga teke ndoo.

"Watu wamenisahihisha mbele za watu maisha yangu yote," nilimwambia. "Bosi aliyenifundisha kazi alikuwa akinipiga koleo la mgongo. Sijafa. Wewe ndiye wa kwanza kunisahihisha kwa siri. Na hiyo ndiyo imeniuma."

"Nisamehe."

"Kuna mradi wa bwawa huko mbali. Wanachukua mafundi wa kuvuta nyaya, hawaulizi karatasi. Lori linaondoka Jumatano."

Sikuwa nimepanga kulisema. Nilikuwa nimelisikia kwa watu tu, lakini lilipotoka lilitoka kama jambo lililoamuliwa.

Karani aliliachia shuka. Likarudi katikati yetu, nikawa namsikia tu.

"Na mtihani?"

"Usajili wa mara ya tatu unafungwa kesho. Ukianguka ya tatu unasubiri miaka mitano. Mzee wa ofisini ameniambia. Sitaki kuanguka tena mbele ya kaka yako."

"Kwa hiyo unaondoka."

"Nitafanya kazi. Nitakuandikia."

"Yule wa kwanza alikuwa na kesho," alisema nyuma ya shuka. "Wewe una lori. Niambie tofauti ni nini, maana mimi siioni."

Nikashika pindo la shuka, nikaliachia.

"Mimi sijakuomba leseni, Fundi. Hata siku moja. Wewe ndiye uliyeitaka, ndiyo maana nikaitaka na mimi. Nilikuwa nikikuona unasoma, jasho linakutoka kwa sentensi moja kama mtu anayebeba gunia, nasema, huyu hataki njia ya mkato. Nikakupenda hapo. Kwenye lile jasho. Sasa ukitaka kuondoka, ondoka. Lakini usiniache na kaka yangu akiwa ndiye aliyesema kweli."

Nimeshapigwa na umeme mara tatu maishani. Mara moja ulinitupa kutoka kwenye ngazi nikalala wiki mbili. Hakuna iliyonifikia mahali pale alipogusa Karani na yale maneno.

Nililiinua lile shuka. Alikuwa amesimama palepale, amejikumbatia mikono, ile nguo mpya ya kijani imelowa kifuani kwa maji ya shuka, na yale macho safari hii yamemwagika.

"Utaendelea kubadilisha maneno yangu?" nilimwuliza.

"Sibadilishi tena. Nitakuambia usoni."

"Hata mbele ya wateja?"

"Hata mbele ya mama."

"Nitakasirika."

"Kasirika. Ila ukasirikie palepale kwenye benchi, usiende na hasira nyumbani."

Nikamfuta shavu kwa kidole gumba. Kidole changu ni kigumu kama gome, nikaogopa nitamkwaruza, lakini aliegemeza uso palepale, akauacha kwa muda. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anapigilia bati.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoa kichwa.

"Chai inapoa," alisema. "Na huyo mwalimu ameanza kuongea peke yake. Njooni kabla hajanipa na mimi mtihani."

Tukarudi ndani. Sikukaa. Nilisimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikisimama darasa la sita.

"Mwalimu," nilisema, "kesho najiandikisha. Mara ya tatu."

"Na ukianguka?"

"Nitasubiri miaka mitano. Nitakuwa na miaka arobaini na tisa. Nitafanya tena."

"Na huyu? Atakaa hapa anahesabu na wewe?"

"Huyu ana mdomo wake," Karani alisema. Alikuja akasimama karibu yangu, bega lake likagusa mkono wangu. "Kaka, mimi sisubiri karatasi. Siku atakayoacha kusoma akaanza kunisimulia habari za kesho, nitamfungulia mlango mwenyewe, wala hutahitaji kuniambia. Mpaka siku hiyo, niko naye."

Mwalimu alimwangalia dada yake kwa muda mrefu. Ni mtu mgumu, lakini niliona kitu kikilegea kwenye taya yake. Nadhani katika miaka yote ya yule mume wa kwanza hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. Nadhani alikuwa akimsikia analia tu.

"Tatizo lenu," alisema mwishowe, na kidole kikainuka, "ni kwamba umempata mwalimu anayekupenda. Mwalimu anayekupenda ni hatari. Anaona kosa lako, anakufunikia. Alhamisi saa tisa mchana, wanafunzi wakitoka, njoo ofisini kwangu. Kila Alhamisi mpaka mtihani. Nitakusahihisha kwa wino mwekundu. Na mimi, Bwana Testa, sikupendi hata kidogo."

"Sijaomba kupendwa na wewe, Mwalimu."

Mama akaangua kicheko, cha juu, cha msichana. "Mmepatana!"

"Sijasema nimekubali, mama," Mwalimu alisema. "Habari ya ndoa ni nyingine. Hiyo sijaijibu."

"Kwani nani amekuuliza? Mama yake ni mimi. Mpe mwenzio nafasi akae, chai imeshakuwa maji ya kisima."

Akasogeza kiti. Hakukisogeza sana, nusu hatua hivi. Nikakaa.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa dukani. Kulikuwa na foleni ya watu watano, wote wanataka nakala. Karani alivuta fomu ya mtihani kutoka kwenye rundo, akafungua kompyuta kama kawaida ili anichapie.

"Hapana," nilisema. "Nipe kalamu."

Aliniangalia. Halafu akanipa kalamu yake, akazunguka kaunta akaja kusimama upande wangu, mikono ameiweka nyuma mgongoni. Niliona anavyoipa adhabu ile mikono isije ikakimbilia karatasi.

Niliandika jina langu. Niliandika tarehe ya kuzaliwa. Mwandiko wangu unapanda mlima kisha unateremka, lakini unafika. Kwenye aina ya kazi nikaandika, kisha nikainua macho kwake, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Foleni nyuma yangu ilianza kuguna. Nikafika mahali paliposema: mtu wa karibu wa kuarifiwa likitokea jambo.

Mara mbili zilizopita hapo palichapwa "hakuna". Ni mimi niliyemwambia achape hivyo.

Nikaandika jina lake. Si Karani, lile jina lake kamili, ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi peke yangu nyuma ya risiti na makaratasi ya sigara bila yeye kujua. Halikuwa na kosa. Nilimsikia akivuta pumzi na kuizuia.

"Hapa wanauliza uhusiano," nilisema. "Niandike nini?"

Mashine ya nakala ilikuwa inanguruma pembeni, mwanga wake unapita chini ya mfuniko na kurudi.

"Unataka kuandika nini?" aliniuliza.

Nikainama, nikaandika. Herufi moja moja, bila kidole. Nilipomaliza nikamsogezea. Alisoma. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Fundi," alisema, "umeacha m."

"Wapi?"

"Kati ya u na b. Umeandika mchuba."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Nilisubiri nione kama nitakasirika. Sikukasirika. Nilichukua kalamu, nikaibana ile m pale katikati mpaka ikaingia. Ilikaa vibaya, imepinda, imewasukuma wenzake pembeni, lakini ilisomeka.

"Sasa?" niliuliza.

"Jamani," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma, "wengine tuna haraka, tunataka nakala tu!"

"Subiri, dada," Karani alimjibu, bila kuinua macho kwenye ile fomu. "Bado nasoma."